Msuli au Kano? Tusiviite Vyote Mshipa

Wanachama wenzetu,

Kila msimu unapokaribia, kurasa hizi hujaa habari za majamvi, magunia, sakafu za kuanikia na namna ya kukausha karafuu zisipate ukungu. Safari hii twaomba ruhusa yenu tuzungumze jambo jingine ambalo bila ya hilo hakuna karafuu itakayofika jamvini, nalo ni mguu wa mchumaji. Twaliandika jambo hili kwa sababu ya kosa tulilolitenda sisi wenyewe, na ni afadhali mtu alitangaze kosa lake mapema kuliko kungoja litokee tena kwa mwenziwe.

Msimu uliopita, kijana mmoja aliyekuwa akichuma katika shamba la mwanachama wetu alikuwa akishuka mkarafuuni na pakacha lake limejaa. Alipobakisha kimo cha mtu kufika chini aliruka, kama wanavyoruka vijana wote, na mguu wake wa kulia ukakanyaga mzizi. Kifundo kikapinda na wayo ukageuka kwa ndani. Mwenyewe anasema alisikia mlio kama wa kijiti kibichi kikatikapo. Kabla ya Alasiri upande wa nje wa kifundo ulikuwa umevimba kama yai la kuku.

Wazee waliokuwapo walisema mshipa umeruka. Akaletwa fundi wa kuchua, mguu ukapakwa mafuta ya moto, ukavutwa na kuzungushwa, na kijana akawa anauma kitambaa asipige kelele. Sisi tulifika jioni na daftari letu la ajali. Tukautazama mguu, tukauliza mawili matatu, kisha tukaandika neno moja tu: “Msuli.” Tukamwambia kijana maneno ambayo hatujayasahau mpaka leo: “Pumzika siku nne, mwanangu, msuli hauna neno.”

Siku ya tano uvimbe ulikuwa umepungua na maumivu yamepoa, naye akapanda. Hakuna aliyemlazimisha, lakini mchumaji hulipwa kwa pishi, na asiyepanda hana pishi ya kupima. Alipofika tawi la tatu mguu ulimwacha. Anasema hakusikia maumivu kwanza. Alisikia tu kiungo kimemkimbia chini yake. Akaanguka kimo cha paa la nyumba, akatanguliza mkono, na mifupa yote miwili ya kigasha ikavunjika.

Huko hospitali, walipokwisha kuushughulikia mkono, daktari alikishika kile kifundo, akausukuma wayo mbele kidogo na kuurudisha, kisha akatuuliza: “Nani aliyemruhusu huyu kupanda mti?” Hatukuwa na la kumjibu. Alitueleza kwamba kilichoumia siku ile ya kwanza hakikuwa msuli hata kidogo. Ilikuwa ni kano inayofunga mfupa kwa mfupa, nayo ilikuwa imekatika. Tangu siku hiyo tumeuliza, tumesoma, na tumewasumbua matabibu kwa maswali, na haya ndiyo tuliyoyapata.

MGUU WA MBUZI

Sisi watu wa pwani tuna neno moja linalobeba mizigo mingi, nalo ni mshipa. Damu hupita mshipani, maumivu ya kiuno ni mshipa, ngiri ni mshipa, shingo ikikaza ni mshipa, na kifundo kikiteguka twasema mshipa umeruka. Katika mazungumzo barazani halina ubaya. Lakini ukitaka kujua mtu apumzike siku ngapi, aguswe wapi na apande mti lini, neno moja halitoshi.

Kila aliyechuna mbuzi siku ya Idi amekwisha kuyaona haya kwa macho yake. Uchukue mguu wa mbuzi uutazame. Ule mnofu mwekundu ndio msuli. Mnofu ule ukiufuata mpaka mwisho wake, wekundu hupungua na hugeuka kuwa kamba nyeupe, ngumu, inayojishika kwenye mfupa. Hiyo ni kano ya msuli. Sasa ufike kwenye kiungo chenyewe, pale kisu kinapokataa kupita kati ya mfupa na mfupa. Hapo utakuta mikanda mifupi myeupe iliyoshika mfupa huu kwa mfupa ule, na usipoikata hiyo mguu hauachani. Hiyo ndiyo kano ya kiungo, ambayo madaktari huiita ligamenti.

Mwanadamu ameumbwa kwa namna iyo hiyo. Ana mifupa 206 na misuli zaidi ya 600. Msuli kazi yake ni kuvuta: hujikunja ukawa mfupi, kisha hulegea, na kwa kufanya hivyo husogeza mfupa. Kano ya kiungo haivuti kitu. Kazi yake ni kushika, ili kiungo kisende upande ambao hakikuumbiwa kwenda.

Ukitaka mfano, itazame ngazi tunayoegemeza mkarafuuni. Mikono ya mtu anayeibeba na kuisimamisha ndiyo misuli. Kamba zilizofunga vipandio kwenye miti miwili ya ngazi ndizo kano za kiungo. Mikono ikichoka, ngazi haiendi popote, na mtu akipumzika ataibeba tena. Lakini kamba ya kipandio ikilegea, ngazi kwa macho ni nzima, imesimama, haina kasoro, mpaka siku mtu atakapoweka uzito wake juu ya kipandio kile.

Tena kuna tofauti ya damu. Msuli hulishwa damu nyingi, na kinacholishwa damu nyingi hupona upesi. Damu inayoifikia kano ni chache, na kwa hiyo kupona kwake ni kwa polepole. Maumivu yaweza kuondoka katika wiki chache, na huku kano yenyewe yaendelea kujifuma ndani kwa ndani kwa miezi mingi.

Jambo la tatu ndilo lililotushangaza zaidi. Ndani ya kano za viungo mna nyuzi za fahamu zinazoupasha ubongo habari ya namna kiungo kilivyokaa. Ndiyo maana mchumaji, macho yake yakiwa juu kwenye vishada, huweza kuuweka mguu wake tawini bila ya kuutazama. Kano ikikatika, habari hizo huchelewa. Mguu hukanyaga vibaya na mwenyewe hana habari, na kabla misuli haijawahi kukaza mtu yuko chini. Ndivyo alivyofikwa yule kijana.

PAHALI PANAPOUMIA KWETU

Katika kazi yetu, misuli huumia zaidi mabegani, mgongoni, mapajani na kwenye vigimbi. Mchumaji hunyoosha mkono kuvuta tawi kwa kigoe saa baada ya saa, na jioni bega haliinuki. Mwingine hupapatua mguu kufikia tawi la mbali, na msuli wa ndani ya paja ukachanika. Mwingine hubeba gunia la karafuu mbichi kupandisha kilima, na kigimbi kikamkata kama aliyepigwa jiwe kwa nyuma. Hugeuka kumtafuta aliyempiga asimwone mtu.

Kano za viungo huumia zaidi kifundoni na gotini, na mara nyingi ni wakati wa kushuka. Kifundo cha mguu kina kano 3 upande wa nje. Upande wa ndani kina kano moja pana na imara, iliyotanda kama kipepeo cha kupepelea moto. Kwa kuwa ya ndani ni yenye nguvu, na wayo hupinda kwa wepesi zaidi kuelekea ndani, zile za nje ndizo hukatika. Miongoni mwao ile ya mbele, chini kidogo ya jicho la mguu, yaani kile kinundu cha mfupa upande wa nje, ndiyo dhaifu na ndiyo hutangulia.

Goti lina kano kubwa 4: mbili za pembeni, na mbili ndani ya goti zilizokingamana. Mtu akiruka kutoka mtini, wayo ukashikwa na mizizi au matope, na mwili ukageuka upande mwingine, kano ya mbele ya zile mbili za ndani huweza kukatika. Mara nyingi mwenyewe husikia mlio, na goti hujaa katika saa chache, jioni ile ile.

NAMNA YA KUVITENGA

Sisi si matabibu, wala hatutaki mwanachama yeyote ajifanye tabibu kwa kusoma ukurasa huu. Lakini mwenye shamba au msimamizi ndiye wa kwanza kufika chini ya mti, na maswali haya manne aweza kuyauliza.

La kwanza: panauma wapi? Mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja. Msuli huuma katikati ya mnofu, au pale mnofu unapogeuka kuwa kano. Kano ya kiungo huuma kwenye kiungo chenyewe, karibu na mfupa.

La pili: ilikuwaje? Msuli huumia mtu anapovuta, anaponyanyua, anapokimbia au anaponyooka ghafla kupita kiasi. Kano ya kiungo huumia kiungo kinapopindwa au kusokotwa, kama kukanyaga vibaya, kuteleza au kuangukia mguu mmoja.

La tatu: kinauma kinapofanya nini? Mwambie asukume mguu au mkono wake dhidi ya kiganja chako, nawe ukizuie kiungo kisisogee. Kama hapo ndipo anaposikia maumivu, na yako mnofuni, shuku msuli. Lakini kama akisukuma hivyo haumii sana, na huumia kiungo kinapoelekea upande ule kilikopindia, shuku kano. Usikipinde wewe kwa nguvu. Mwache asogeze mwenyewe mpaka mwisho wa uwezo wake.

La nne: anakiamini kiungo chake? Aliyeumia msuli atakwambia panauma, pamekaza, pengine msuli warukaruka au wajifunga. Aliyekatika kano mara nyingi husema goti limechezacheza, kifundo kimemwacha, au mguu haushiki. Neno hilo la kwamba mguu haushiki lichukueni kwa uzito mkubwa, hata kama anayelisema anatembea.

Uvimbe na weusi wa damu huweza kuja katika yote mawili, kwa hiyo si dalili ya kutosha. Ila uvimbe wa kano hukizunguka kiungo, na damu ya msuli huteremka chini ya ngozi, ikaonekana siku ya pili au ya tatu pahali palipo chini ya jeraha. Na mara nyingine vyote viwili huumia pamoja, kwani aliyeanguka hakuchagua. Ukiwa na shaka, ihesabu kuwa ni kano.

DARAJA TATU

Matabibu huyagawa majeraha ya msuli na ya kano katika daraja tatu. Daraja ya kwanza ni kuvutika: nyuzi chache zimeumia, kitu hakikukatika, na nguvu zipo. Daraja ya pili ni kuchanika kwa sehemu: pamevimba, pana weusi, na nguvu au uimara umepungua. Daraja ya tatu ni kukatika kabisa. Msuli ukikatika kabisa huweza kuonekana shimo au kinundu mnofuni, na mtu hawezi kuutumia. Kano ikikatika kabisa kiungo hucheza.

Na hapa pana mtego. Kano iliyokatika kabisa pengine huuma kidogo kuliko iliyochanika nusu, kwa kuwa hakuna tena uzi wa kuvutwa. Mtu akajiona amepona. Wenye kulinganisha ukubwa wa jeraha na ukubwa wa kilio huwa wamekosea kipimo.

Kwa kukadiria, daraja ya kwanza ya msuli au ya kano huhitaji wiki 1 mpaka 3. Daraja ya pili huhitaji wiki 3 mpaka 6, na kano huweza kuzidi hapo. Daraja ya tatu ni habari ya miezi, na mengine huhitaji kupasuliwa na daktari wa mifupa. Siku nne tulizompa kijana wetu hazikutoka katika hesabu yoyote ile.

SIKU TATU ZA MWANZO

Mwaka 1978 daktari mmoja wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika kanuni ya mambo manne kwa aliyeumia: kupumzika, kuweka barafu, kufunga bendeji na kuinua kiungo. Kanuni hiyo ikaenea dunia nzima. Mwaka 2014 Mirkin huyo huyo aliandika kwamba barafu na mapumziko marefu huweza kuchelewesha kupona. Sisi twamheshimu kwa kuirekebisha kauli yake mwenyewe, na twachukua yaliyobaki imara.

Kiungo kipumzike siku mbili tatu, kisibebe uzito unaokiumiza. Barafu, kama ipo, husaidia kupoza maumivu. Iviringwe katika kitambaa, iwekwe dakika 10 mpaka 20, isiguse ngozi yenyewe. Bendeji ifungwe kuanzia vidoleni kupanda juu, ikaze bila ya kuzuia damu. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, bendeji ilegezwe mara moja. Mguu uinuliwe juu ya mto, upite kimo cha moyo, mtu akiwa amelala. Kwa maumivu, paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa yatosha kwa wengi. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au mimba asimeze dawa nyingine za maumivu bila ya kumwuliza tabibu.

Katika siku hizo tatu asitiwe moto, asikandwe kwa maji ya moto, asichuliwe, wala asikimbizwe “ili mguu uzoee.” Joto na kuchua huongeza damu pahali ambapo damu ingali yavuja.

Baada ya hapo aanze kukisogeza kiungo, polepole, mpaka mpaka wa maumivu asiupite. Hapa twataka kulitaja kosa la upande wa pili, maana nalo tumeliona. Mwanachama wetu mmoja, mtu wa makamo, alichanika msuli wa kigimbi kwa kubeba gunia. Kwa hofu ya kuwa “kano imekatika,” alilala kitandani mwezi mzima na nusu. Alipoinuka, mguu ule ulikuwa umekonda kuliko mwenzake, na ilimchukua muda mrefu zaidi kuurudisha unene kuliko ule ambao jeraha lenyewe lingeuhitaji. Msuli usiotumiwa hunyauka. Angelianza kutembea kidogo kidogo tangu wiki ya kwanza, angelichambua karafuu zake mwenyewe mwisho wa msimu.

Tazameni basi namna jina lilivyowaponza wawili hawa. Wa kwanza alikatika kano akaambiwa ni msuli, akarudi mapema. Wa pili aliumia msuli akajiambia ni kano, akachelewa. Jina si neno la mdomoni tu. Ndilo linalotoa amri ya kulala au kuinuka.

HABARI YA KUCHUA

Hatukukusudia kuwavunjia heshima mafundi wetu wa kuchua. Wengi wetu tumepitia mikononi mwao na tukaona raha, na msuli uliokaza kwa kazi ya siku nyingi hufunguka kwa mkono wa mjuzi. Twaomba mambo matatu tu. Wasiguse jeraha jipya kabla ya siku tatu kupita. Wasikivute wala kukizungusha kiungo kilichovimba, kwa kuwa kano iliyochanika nusu huweza kumalizika kukatika, na mfupa uliopata ufa huweza kuachana. Na msuli wa paja uliopondwa kwa kuangukia tawi, ukawa mgumu na wenye damu nyingi ndani, usichuliwe kwa nguvu, kwani msuli wa namna hiyo huweza kuota mfupa ndani yake, na hilo ni tabu ya miezi.

Kadhalika magango. Gango lililokazwa sana juu ya kiungo kinachoendelea kuvimba huzuia damu, na mguu huweza kufa ukiwa umefungwa. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na vidole visivyosikia, ni wito wa kulifungua saa ile ile.

LINI HOSPITALI

Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ya kifundo ambayo hutumika mpaka sasa katika nchi nyingi, nayo ni nyepesi kuikumbuka. Mtu aliyeteguka kifundo apelekwe akapigwe picha ikiwa hawezi kwenda hatua 4, hata kwa kuchechemea, pale alipoumia na tena anapofika kwa tabibu. Au ikiwa mfupa wenyewe wauma ukibonyezwa nyuma ya jicho la mguu au nchani mwake, upande wa nje au wa ndani, kuanzia chini kabisa mpaka sentimita 6 kupanda juu. Au ikiwa wauma ukibonyezwa kinundu cha katikati ya ukingo wa nje wa wayo, au mfupa wa juu ya uvungu wa wayo upande wa ndani.

Mjue pia kwamba picha ya kawaida huonyesha mifupa, haionyeshi kano. Mtu akirudi na habari kwamba “picha ni safi,” maana yake mfupa haukuvunjika. Haina maana kwamba kano ni nzima. Neno hili limewapandisha wengi mtini kabla ya siku yao.

Apelekwe pia bila ya kungoja aliyepinda kiungo kikabadilika umbo, aliyesikia mlio gotini na goti likajaa siku ile ile, ambaye goti limejifunga halinyooki, na ambaye hawezi kusimama kwa ncha za vidole baada ya kusikia kishindo nyuma ya kisigino, kwani hiyo huenda ikawa kano kubwa ya kisigino.

Na aliyeanguka kutoka juu, akalalamika shingo au mgongo, au miguu ikafa ganzi, asikalishwe, asinyanyuliwe kwa makwapa, wala asipewe maji akiwa ameinuliwa kichwa. Alazwe kama alivyo, kichwa na kiwiliwili visigeuke, mpaka wapatikane watu wa kumbeba juu ya ubao kwa pamoja. Hapo habari ya msuli na kano haina nafasi tena.

KURUDI MTINI

Mkarafuu mzee hufika mita 10 na zaidi, na matawi yake, kama tujuavyo sote, ni mepesi kuvunjika. Aliye chini akiteguka mara ya pili hukaa chini akapangusa vumbi. Aliye juu hana pa kukaa. Kwa hiyo kipimo cha kurudi mtini kiwe kizito kuliko kipimo cha kurudi sokoni.

Twashauri hivi. Asipande mpaka aweze kutembea bila ya kuchechemea, apande na kushuka kilima bila ya maumivu, asimame kwa mguu ulioumia peke yake nusu dakika bila ya kuyumba, ainuke kwa ncha za vidole vya mguu huo mara 20, na aruke kwa mguu huo huo mara 10 bila ya kuhofu. Akiweza yote, aanze kwa matawi ya chini siku mbili tatu, na ashuke kwa kukanyaga, asiruke.

Zoezi lenye faida kubwa kwa kano ni lile la kusimama kwa mguu mmoja. Alifanye kila siku wakati wa kupiga mswaki, kwanza macho wazi, baadaye macho yamefumbwa huku mkono u karibu na ukuta. Kwa zoezi hilo nyuzi za fahamu hujifunza upya kazi yake, na kuteguka mara ya pili hupungua. Lisiachwe maumivu yanapokwisha. Liendelee wiki kadhaa baada ya hapo.

KAZI YA CHINI

Tumelibakisha hili mwisho kwa sababu ndilo lililo mikononi mwetu zaidi. Kijana wetu hakupanda kwa ujinga. Alipanda kwa kuwa nyumbani palikuwa na watu wa kulishwa, na hakuna aliyempa kazi nyingine. Mkimwambia mchumaji apumzike wiki sita katikati ya msimu, mmemwambia jambo ambalo hawezi kulifanya, na atawaitikia kwa adabu, kisha atapanda mtakapogeuza kisogo.

Aliyeumia mguu aweza kukaa jamvini akachambua karafuu na makonyo, mguu umeinuliwa juu ya gunia. Aweza kusimamia mizani, kuandika pishi za wenziwe, kulinda karafuu sakafuni na kuwaita watu wingu linapotanda. Aliyeumia bega aweza kugeuza karafuu kwa mkono mmoja. Malipo ya kazi hizo hayafikii ya mpandaji hodari, lakini sahani haibaki tupu. Wako wanaume wanaoona haya kuchambua wakisema ni kazi ya wanawake na watoto. Twawauliza: haya hiyo ni kubwa kuliko kulishwa na jirani kwa kijiko, mkono umo ndani ya plasta?

Kwa hiyo Kamati imekubali, na twawaomba wanachama wote wafuate, kwamba kila shamba liweke nafasi za kazi ya chini kwa walioumia, na kwamba mtu aliyeumia kiungo asirudi mtini ila kwa kupita vipimo vile tulivyovitaja, mbele ya mwenye shamba au msimamizi. Daftari la ajali nalo tumelibadili. Halina tena nafasi ya kuandika “mshipa.” Lina nafasi ya pahali panapouma, ilivyotokea, hatua alizoweza kwenda, na kama kiungo chashika au hakishiki. Vipande vya karatasi vya kujazia vinapatikana kwetu bila ya malipo, na asiyejua kuandika na amtume mwanawe wa skuli.

Mkono wa yule kijana umeunga, Alhamdulillahi. Kifundo chake kingali mazoezini, na msimu huu atashika mizani. Tulimwendea nyumbani tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Mama yule alitukaribisha kahawa, akatwambia kwa upole: “Katibu, kalamu yako na mguu wa mwanangu vyote vyahitaji kukanyaga pahali imara.”

Lile neno “Msuli” katika daftari la msimu uliopita hatukulifuta. Tumelipiga mstari, na pembeni tumeandika lililo sahihi, pamoja na tarehe.

Twawatakia msimu mwema na salama.

Katibu wenu